Kitatange wangu mpya siku ya nne hali chochote, amejificha tu nyuma ya jiwe

#1 Mwana_wa_Tudor – Jumanne, saa 3:40 usiku

Salaam wanajamvi. Naombeni msaada, leo sijatulia hata kidogo. Jumamosi nililetewa kitatange, samaki mdogo wa mwambani, kutoka Kikambala, kaskazini mwa Mombasa; mzamiaji ninayemjua alimtoa kwa wavu. Urefu wake kama kidole cha kati, mwili buluu iliyokoza, kichwa na mgongo rangi ya chungwa. Tangi langu ni la lita 180, lina wiki tano tangu nilijaze maji. Ndani mna samaki wawili wa anemoni na damseli watatu, na hao wanakula kila ninachowapa.

Huyu mgeni tangu aingie kaganda nyuma ya jiwe kubwa la pembeni. Naona jicho tu. Nikisogea na chakula anarudi ndani zaidi. Nimempa chakula cha vipande vikavu, nimempa kamba wa kusaga, nimempa dagaa. Hajagusa hata kimoja. Ndiyo anakwenda zake huyu? Nimfanyeje?

#2 Maji_Mafu

Pole ndugu yangu. Siku nne bado mapema. Wangu alikaa siku nane hajatia kitu mdomoni, ya tisa akatoka mwenyewe. Hilo tangi liko wapi? Kama liko sebuleni na watoto wanapita mbio, hilo nalo ni jambo.

#3 Fundi_Pampu

Kabla ya habari za chakula, tupe vipimo. Joto, chumvi, amonia. Na chumvi umepima kwa kifaa gani?

#4 Kaskazi_001

Nikwambie ukweli ingawa utakuuma. Kitatange hafai kufugwa. Nilinunua mmoja 2019, nikampa kila kitu mpaka ngisi wa kusaga. Alikuwa akija, anakitazama chakula, anakipita. Wiki ya tatu akafa, tumbo limebonyea, mgongo umekuwa kama kisu. Hawa wanakula matumbawe tu. Mrudishe baharini kesho asubuhi.

#5 Mama_Sadafu

Kaskazi, pole kwa huyo wako, lakini alikuwa kitatange yupi? Jina hili tunawapa samaki wa koo mbili, na ndipo watu wanapopoteza samaki. Mwana_wa_Tudor, mtazame shavuni, pale ukingo wa chini wa kifuniko cha shavu. Ukiona mwiba umechongoka kuelekea nyuma, huyo ni wa ukoo wa Pomacanthidae. Asipokuwa nao ni Chaetodontidae. Wote wembamba, wote warembo, lakini mlo wao ni mbali mbali.

Kwa ulivyomweleza, wako ni Centropyge acanthops. Ni wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki na hapiti sentimita 8. Chakula chake ni mwani mfupi unaoota juu ya mawe pamoja na vidudu vilivyomo ndani yake. Huweza kudonoa matumbawe, lakini hayategemei. Anafugika, nami ninaye mmoja Nyali, huu mwaka wa tano.

#6 Kaskazi_001

Wangu alikuwa wa manjano, mviringo kama sahani, mistari myembamba ya zambarau ubavuni. Mwiba sikumbuki. Muuzaji aliniambia kitatange nami nikasema kitatange.

#7 Mama_Sadafu

Basi ndiyo hivyo. Wa mistari ile hula vinyama vya matumbawe yaliyo hai, karibu hicho tu. Hukukosea kumlisha kaka, hapakuwa na chakula chake nyumbani mwako. Aliyekuuzia ndiye alipaswa kukwambia.

#8 Mzee_wa_Malema

Sisi wavuvi tulikuwa hatuwatenganishi. Kitatange ni kitatange. Marehemu baba alikuwa akitega malema, ile mitego ya kusuka, upande wa Kisite, kabla hapajawa hifadhi. Ukilitazama lema kabla ya kulivuta, wale wembamba unawaona wanaingia na kutoka kwa macho ya lema kama nyumba yao. Chewa na tafi wakishaingia ndio hao hawatoki. Baba alisema kitatange ndiye anayewapa wengine moyo wa kuingia. Mwiba wa shavuni naujua mimi, umenichoma mara nyingi nikimtoa, na unawasha mpaka jioni.

Mwanangu, nikuulize. Huyo samaki ana nyumba humo ndani? Umesema jiwe moja.

#9 Mtoa_Samaki_Mtwapa

Mzee kagusa penyewe. Mimi kazi yangu ni hiyo, natoa samaki wa mapambo Kanamai na Kikambala kwa leseni. Huyu wa mgongo wa chungwa humpati juu ya jabali safi. Unampata kwenye vifusi, matumbawe yaliyovunjika yakarundikana, pima 6 mpaka 10 kwenda chini (kama mita 11 mpaka 18). Kila unapotazama pana tundu. Anaingia hapa anatokea kule, na hasogei mbali na tundu hata hatua moja. Sasa ukimweka mbele ya jiwe moja kubwa lenye upenyo mmoja, anachagua ule upenyo na haondoki. Hapo si uoga, ndivyo alivyoumbwa.

Mtafutie vipande vya paipu ya plastiki, inchi moja na inchi moja na nusu, virefu kama kiganja. Vitatu vinne. Vitupe ovyo chini, usivipange vizuri. Havipendezi, lakini atakuwa na njia.

#10 Mwana_wa_Tudor

Ahsanteni sana. Mwiba anao, nimeuona leo alipogeuka, mdogo wa buluu. Mama_Sadafu Mungu akuweke.

Fundi, vipimo: joto 29, mchana linafika 30. Amonia 0.25. Chumvi kwa kile cha plastiki chenye mshale inasoma 1.030. Maji nachota hapa kwetu Tudor kwenye gati, na yakipungua naongeza hayo hayo ya bahari. Feni nimeielekeza juu ya tangi kwa sababu ya joto, kwa hiyo yanapungua kama jagi moja kwa siku.

#11 Fundi_Pampu

Hapo ndipo. Kinachopungua ni maji, chumvi haipungui. Feni inapeperusha maji, chumvi inabaki, nawe unaongeza maji yenye chumvi juu yake. Kila jagi linapandisha. Maji ya huku kwetu nje ya mwamba ni kama gramu 35 kwa lita, na kipimo chako kinasomeka 1.026 hivi. Wewe uko karibu gramu 40. Samaki katoka 35 akaingia 40 mara moja, na kupanda ni kugumu zaidi kwa samaki kuliko kushuka. Mwili wake unavutwa maji. Anakunywa mchana kutwa kujaribu kuyarudisha. Nani ana hamu ya kula katika hali hiyo?

Ongeza maji yasiyo na chumvi tu yanapopungua. Na uishushe polepole: toa lita 5 za tangi kwa siku, weka lita 5 zisizo na chumvi, siku nne tano. Usifanye yote leo.

#12 Maji_Mafu

Fundi kwake kila maradhi ni chumvi 😄. Juzi hapa kuku wa mtu alikuwa mgonjwa, akauliza maji yana chumvi kiasi gani.

Lakini damseli na samaki wa anemoni wamo katika chumvi hiyo hiyo na wanakula.

#13 Fundi_Pampu

Wamo tangu wiki ya kwanza, wamepanda nayo kidogo kidogo. Huyu kaingizwa siku moja. Na yule kuku alikuwa akinywa maji ya kisima, ndiyo maana niliuliza.

#14 Kaskazi_001

Kwa hiyo maji gani ya kuongeza? Visima vya kisiwani ni chumvi tupu. Ya bomba yana klorini, yakija.

#15 Mama_Sadafu

Mimi nakinga ya mvua kwenye pipa la plastiki, naacha robo saa ya mwanzo iende kwa sababu ya vumbi la bati. Isipokuwapo mvua, ya bomba: unayaweka ndoo wazi usiku kucha na kijipampu cha hewa ndani, klorini inatoka. Ya kisima usithubutu.

Na mwanangu, acha kuchota kwenye gati. Creek ya Tudor, ule mkono wa bahari, inapokea maji ya mto na ya mitaro, masika ndiyo kabisa. Chota upande wa bahari kuu, maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua (maji makuu). Yaache gizani siku kadhaa ndani ya mtungi uliofunikwa. Jambo jingine, hiyo 0.25 ya amonia nadhani ni chakula unachokirundika na yeye hakili. Kila kilichobaki baada ya nusu saa kitoe kwa mpira mwembamba. Samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku nne. Kwa amonia, katika joto la 30, anaweza.

#16 Bi_Mkomani

Samahani naingia kati, mimi si mjuzi wa tangi bali mume wangu anafuga. Mnafukiza udi? Mnapuliza dawa ya mbu? Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuitia majini. Sisi Alhamisi moja, usiku wa kuamkia Ijumaa, tulifukiza nyumba nzima na mwanangu akapuliza dawa ya mbu pembe zote. Asubuhi samaki watatu walikuwa ubavu juu, na waliosalia hawakula wiki nzima. Dawa zile zinatokana na pareto na jamii zake, kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Tangu siku ile chumba cha tangi hakipulizwi. Tunalala na chandarua.

#17 Mwana_wa_Tudor

Bi Mkomani umenishtua. Dawa ya mbu tunapuliza kila magharibi, na pampu iko chini ya dirisha pale pale. Leo nimeikataza nyumbani, mama kanielewa. Udi amesema atafukizia chumbani kwake, mlango ufungwe.

#18 Chaza_Mbichi

Nimesoma yote, mbona hakuna aliyeuliza kuhusu damseli? Damseli watatu katika lita 180, wametangulia wiki nzima au zaidi, wamekwishagawana tangi. Mgeni akitoa kichwa anapigwa. Kaa mbali, mita tatu, uzime taa ya sebule, utazame dakika kumi usitikisike. Nina hakika utamwona mmoja anakwenda kusimama mbele ya lile jiwe kama bawabu.

Halafu chakula. Unampa vitu vinavyoelea mbele yake, na yeye mdomo wake ni wa kukwangua. Nunua kombe mbichi, yule wa baharini mwenye magamba mawili, mfungue, umwache kwenye nusu ya gamba lake, umlaze karibu na tundu usiku. Kinakaa pale, hakikimbii, anakidonoa apendavyo. Wangu wawili wagumu walifunguka kwa kombe. Au uduvi mbichi, si ule mkavu. Uduvi ukiwa hai anaruka ruka, na samaki anamfuata bila kufikiri.

#19 Kusi_na_Kaskazi

Kitunguu saumu. Saga punje moja, tia tone la maji yake kwenye chakula, acha dakika kumi. Kinafungua hamu ya kula na kutoa minyoo.

#20 Mama_Sadafu

Hamu ya kula labda, wapo wanaoona hivyo. Minyoo hapana. Kuna watu wamepoteza wiki mbili na kitunguu saumu huku samaki ana wadudu tumboni. Angalia kinyesi: kikiwa cheupe, kirefu kama uzi, kinaning'inia, hapo fikiria wadudu wa ndani. Na asije mtu akamshauri dawa ya shaba, hawa vitatange wadogo hawaivumilii vizuri.

#21 Kusi_na_Kaskazi

Mama, bibi yangu alitutibu minyoo kwa kitunguu saumu sisi wote tisa na tuko hai.

#22 Maji_Mafu

Bibi hakukuwekeni ndani ya lita 180.

#23 Kaskazi_001

Narudi kwa neno langu. Baada ya yule wa manjano sikufuga tena wa kutoka mwambani. Anatoka pima kumi anakuja sebuleni Tudor, taa na feni juu ya kichwa, watu wanamtazama. Ningekuwa mimi ningemrudisha. Nasema kwa huruma, simlaumu mtu.

#24 Mtoa_Samaki_Mtwapa

Nakuelewa, na nakuheshimu kwa hilo. Lakini asimrudishe. Amekwishakaa na samaki wengine katika maji ya tangi, akiwa ameokota maradhi anayapeleka mwambani kwa wenzake. Akifika kwako ni wako. Kilicho haki kwake ni kumtunza vizuri. Na wale wanaosoma kimya kimya: ndani ya mipaka ya mbuga ya bahari ya Mombasa (marine park) hapatolewi kitu, hata gamba. Nimeona watu wanazamia Nyali na chupa za plastiki.

Mwana_wa_Tudor, yule mzamiaji alimpandisha haraka? Samaki wa pima kumi akivutwa juu kwa dakika mbili kibofu cha hewa kinavimba. Unamwona kichwa chini mkia juu, anahangaika kubaki chini. Huyo naye hatakula.

#25 Mwana_wa_Tudor – Alhamisi, saa 5 usiku

Amekaa sawa, hahangaiki. Na Chaza ulisema kweli! Nimezima taa nikakaa kwenye mkeka, damseli mkubwa anakwenda na kurudi mbele ya jiwe. Kila pua ya chungwa ikitokeza, anamrukia. Nimemtenga yule mmoja kwenye chombo cha plastiki chenye matundu, kimening'inia ndani ya tangi. Paipu nimeweka tano. Chumvi 1.028. Kombe nimepata soko la Kongowea, nimelaza mmoja.

#26 Fundi_Pampu

1.028 vizuri. Usiharakishe.

#27 Shimoni_Ndani

Kama kombe hatamgusa, jaribu mwani. Kina mama wa Kibuyuni, huku Kwale, wanaolima mwani wakivuna, kamba zao zinakuja na majani ya kijani mepesi kama karatasi yaliyoota yenyewe juu, wanayatupa. Hayo ndiyo. Yafunge kwa mpira kwenye kijiwe. Hata Mombasa utayaona kwenye mawe maji yakitoka, ila usichukue karibu na mitaro.

#28 Mwana_wa_Tudor – Jumamosi, saa 2 asubuhi

Wanajamvi, niwape habari.

Usiku stima ilipotea saa kumi. Nikaweka pampu ya betri, nikakaa karibu na tangi nikihofia hewa. Mpaka saa kumi na mbili na robo haijarudi, na taa ya tangi kwa hiyo haikuwaka. Mwanga ulikuwa wa dirishani tu, ule wa kijivu. Nikachukua kanga ya mama nikajifunika kichwa, nisionekane.

Akatoka. Kwanza alisimama kwenye mdomo wa paipu, mapezi yanapepea, jicho linazunguka. Akaingia paipu ya pili, akatokea nyuma kabisa, kwenye kile kioo cha nyuma ambacho sijawahi kukifuta na kimeota ukungu wa kijani. Akaanza kukwangua. Tik, tik, tik, unaona kabisa mdomo unafunguka na kufumba, na kila anapodonoa panabaki alama ndogo safi kama ya ncha ya kalamu. Nilipotazama vizuri, kioo chote kile pembe ya chini kimejaa alama hizo. Mamia. Si za leo.

Damseli walikuwa bado wamelala mashimoni. Kombe hakumgusa. Niliogopa hata kupumua.

#29 Mama_Sadafu

Alhamdulillahi. Basi alikuwa anakula siku zote mwanangu, alfajiri, wewe ukiwa umelala. Kinyesi je?

#30 Mwana_wa_Tudor

Kifupi, kijani kama cha mbuzi aliyekula majani mabichi.

#31 Chaza_Mbichi

Nilisema mimi, ni damseli. Umemtoa bawabu, mwenye nyumba katoka.

#32 Fundi_Pampu

Kwa heshima, chumvi imeshuka siku hizo hizo. Leo iko ngapi?

#33 Mwana_wa_Tudor

1.027.

#34 Mtoa_Samaki_Mtwapa

Na amepita wapi? Kwenye paipu. Soma tena, kaanza paipu ya kwanza akaingia ya pili. Bila njia asingefika kioo cha nyuma.

#35 Bi_Mkomani

Na dawa ya mbu imeachwa tangu Jumatano.

#36 Maji_Mafu

Ninyi nyote, stima ilipotea! Taa ndiyo iliyokuwa inamtisha. Kule pima kumi hakuna taa kama ile. Punguza mwanga, funika nusu ya tangi kwa kadibodi wiki mbili.

#37 Kaskazi_001

Lakini zile alama mamia alizitia lini, kama taa ndiyo shida? Alizitia kabla ya paipu na kabla ya chumvi kushuka. Mwana_wa_Tudor, zile za chini kabisa zimeanza kuota kijani tena, au zote ni safi?

#38 Mwana_wa_Tudor

Ngoja nitazame.

Za chini zimeanza kufunikwa. Za juu ni mpya.

#39 Kaskazi_001

Basi alianza mapema kuliko tunavyodhani wote. Nimefurahi kwa ajili yako ndugu yangu. Kioo hicho usikifute.

#40 Mzee_wa_Malema

Asikifute kabisa. Na kioo kimoja hakimtoshi, atakimaliza kabla ya mwezi kuandama. Chukua mawe madogo matatu, yaweke kwenye beseni la maji ya bahari juani uani, yaote. Moja likiota unalitia ndani, lililoliwa unalitoa unalirudisha juani. Zamu kwa zamu.

#41 Mama_Sadafu

Hilo la mzee nami ndilo ninalofanya, beseni mbili juu ya paa. Na uendelee kumlaza kombe kila jioni, kipande kidogo, ukitoe asubuhi. Mwani peke yake hautamnenepesha.

#42 Mwana_wa_Tudor – Jumatatu, saa 12:40 jioni

Damseli nimempa jirani mwenye tangi kubwa. Mawe matatu yako juani. Jana kombe amedonolewa ukingo, leo wakati taa inawaka ametoka mbele yangu, akadonoa mara mbili, akarudi paipuni. Mama kaja kutazama, akasema "huyu ndiye uliyetukatazia dawa ya mbu?" akakaa naye mpaka adhana.

Nimebakiwa na kombe mmoja. Uduvi mbichi Kongowea hufika siku gani?

#43 Mtoa_Samaki_Mtwapa

Usihangaike na Kongowea. Ijumaa nashuka maji yakitoka, pitia Mtwapa saa tano uje na kopo lenye kifuniko.